Una siku moja Nairobi: makumbusho yapi kwanza?

Shemeji yangu, mume wa dada, alishuka basi la kutoka Moshi jioni akiwa na wanawe wawili, mkoba mmoja na sharti moja: keshokutwa alfajiri wanageuza. "Shemeji, kesho tupeleke makumbusho. Ila usituchoshe." Nikamuuliza makumbusho yapi. Akanitazama kama mtu aliyeomba maji akaulizwa ya mto gani.

Nilimwelewa. Mgeni akisikia makumbusho ya Nairobi huwaza jengo moja tu, lile la Museum Hill. Sisi wenyeji nasi, wengi wetu tulipelekwa huko mara moja na basi la shule, tukaonyeshwa nyoka, tukala mkate na soda, na hatujarudi tena. Kumbe jiji hili lina majumba ya namna hiyo kadhaa, na hayafanani hata kidogo. Lipo linalotaka asubuhi nzima na viatu vya kutembelea, na lipo ambalo unaweza kuliingia huku ukimsubiri mtu aliyekwambia "niko karibu" akiwa bado hajatoka kwake. Nimeyazunguka kwa miaka, mengine mara nyingi kuliko ninavyokiri nyumbani, kwa hiyo nitayapambanisha hapa na kusema wazi ningechagua lipi.

Kabla ya nauli na kiingilio, mimi hujiuliza swali moja: vitu hivi alivikusanya nani? Ukilijua jibu, utaelewa kwa nini umeonyeshwa kile na ukafichwa hiki.

Museum Hill au Archives?

Hawa ndio washindani wa kweli kwa mtu anayefika mara ya kwanza. Umbali kati yao si mkubwa, lakini ni dunia mbili.

Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yalianzishwa na wapenzi wa viumbe. Mwaka 1910 chama cha walowezi na maofisa waliopenda kuchunguza ndege, wadudu na mimea kilifungua makumbusho madogo mjini, mahali ilipo Nyayo House leo. Jengo la Museum Hill lilifunguliwa 1930 likapewa jina la Coryndon, aliyekuwa gavana, na baada ya uhuru jina hilo likaondoka. Lilifungwa 2005 kwa ukarabati, likafunguliwa tena 2008. Kwa asili hiyo usishangae ukikuta ndege wengi kuliko watu. Ukumbi wa ndege peke yake una mamia kwa mamia ya spishi za Afrika Mashariki, wamekaushwa na kupangwa kwenye makabati ya vioo, na kama hupendi ndege utachoka kabla hujafika kwa mwewe. Pita haraka, hakuna atakayekuuliza.

Pa kusimama ni chumba cha asili ya binadamu. Humo ndimo ilimo habari ya Turkana Boy, mtoto aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita magharibi ya Ziwa Turkana. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, fundi wa kutafuta visukuku aliyezaliwa Ukambani, alikuwa anatembea kando ya mto mkavu wa Nariokotome akaona kipande cha fuvu kisichozidi kiberiti, rangi yake karibu sawa na kokoto zilizokizunguka. Mtu mwingine angekikanyaga. Kutokana na kipande hicho timu ya Richard Leakey ilichimba na kupata mifupa karibu yote ya mwili mmoja. Mpwa wangu mkubwa, aliye kidato cha kwanza, alisimama kando ya kiunzi akajipima nacho kimya kimya, akidhani simwoni. Mdogo akauliza, "Mjomba, huyu alikuwa darasa la ngapi?" Swali zuri kuliko yote niliyowahi kusikia mle ndani. Wataalamu wanakadiria alikufa akiwa bado hajafika balehe, na tayari alikuwa na urefu wa kama mita 1.6.

Uani yuko Ahmed, ndovu wa Marsabit, kwa sanamu ya ukubwa wake halisi. Mwaka 1970 Rais Kenyatta alimpa ulinzi wa serikali kwa amri yake mwenyewe kwa sababu ya pembe zake, na akalindwa hadi alipokufa 1974 kifo cha uzee. Watoto hutaka picha hapo, wakubwa pia, ila wakubwa hujifanya wanawapiga watoto. Kuna vilevile picha za watu wa jamii mbalimbali za Kenya alizochora Joy Adamson, wakiwa wamevalia mapambo yao ya sherehe. Mikono yake ilikuwa mizuri, lakini kazi ile aliagizwa na serikali ya kikoloni, na inaonekana: kila aliyechorwa amesimamishwa kama kielelezo. Bustani ya nyoka, iliyofunguliwa 1961, iko jirani, na mara nyingi ina tiketi yake. Kama watoto wako wana umri wa chini ya miaka kumi, lipa tu, la sivyo utaisikia mpaka Namanga.

Archives nako ni kwingine kabisa. Kwa Kiswahili cha ofisini ni Makavazi ya Kitaifa, lakini ukimwambia kondakta "Makavazi" atakutazama. Ni lile jengo la mawe kwenye Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya, lililojengwa mwanzoni mwa karne iliyopita kama benki. Nusu ya miadi ya Nairobi huvunjikia mbele yake. "Tukutane Archives" maana yake ni kusimama kati ya wauza njugu na wahubiri ukitazama saa, na maelfu wanaokutana pale kila siku hawajui kwamba nyuma ya mlango ule kuna mojawapo ya mikusanyo bora ya sanaa ya Afrika katika ukanda huu wote.

Mkusanyaji ni mmoja: Joseph Murumbi. Baba yake Mgoa, mama yake Mmaasai. Alikuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya, mwaka 1966, kwa miezi michache tu kisha akajiuzulu. Siasa ilimshinda au yeye aliishinda, inategemea unamuuliza nani, ila maisha yake yaliyobaki aliyatoa kwa vitabu, stempu, vigoda, nguo, vito, barakoa na sanamu. Mwaka 1972 alianzisha pamoja na Mmarekani Alan Donovan duka na jumba la sanaa lililoitwa African Heritage. Miaka michache baadaye akaiuzia serikali ya Kenya mkusanyo wake na nyumba yake ya Muthaiga, ingawa wanunuzi wa nje wangempa zaidi. Alitaka nyumba ile iwe taasisi ya kusomea mambo ya Afrika. Haikuwa. Nyumba ilibomolewa na ardhi ikagawanywa, naye alikuwa hai akayaona hayo. Alifariki 1990.

Ndiyo maana ukumbi wa chini wa Archives haunionyeshi "makabila" kama Museum Hill inavyofanya mara nyingine. Unanionyesha jicho la mtu. Kigoda hiki kipo kwa sababu Murumbi alikipenda. Ukiinama uone sehemu ya kukalia, utaona imelainika na kung'aa katikati na kubaki na makovu ya shoka pembeni. Kuna mzee aliyekaa hapo miaka. Hakuna kioo kikubwa wala taa za maonyesho, na kwa kweli maelezo ni haba, karatasi nyingine zimegeuka manjano. Ukitaka kufundishwa, nenda Museum Hill. Ukitaka kutazama, njoo Archives.

Sasa uamuzi. Una watoto na asubuhi nzima: Museum Hill, bila mjadala. Una saa moja, uko mjini, na mfuko umekauka: Archives, kiingilio chake ni kidogo mno. Kumbuka kwamba Archives ni ofisi ya serikali, Jumapili pamefungwa na Jumamosi wanafunga mapema, ilhali Museum Hill hufunguliwa kila siku hadi jioni. Kote kuliko chini ya shirika la Makumbusho ya Taifa beba kitambulisho, maana bei ya Mkenya, ya mkazi wa Afrika Mashariki na ya mgeni wa mbali hazikaribiani. Malipo ni kwa simu au kadi, kwa hiyo anayetoka Tanzania au Uganda na noti mkononi amtafute mwenyeji wa kumlipia. Ndivyo nilivyogeuka benki ya shemeji.

Nairobi Gallery, kwa anayepita tu

Hii ni ndogo, nitaisema kwa ufupi. Iko kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, kando ya Nyayo House, katika jengo la 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Hapo ndipo watu walipoandikisha vizazi, ndoa na vifo, na nje yake ndipo umbali wa miji mingine kutoka Nairobi ulipohesabiwa. Ndani kuna sehemu nyingine ya mkusanyo wa Murumbi, imepangwa vizuri kuliko Archives, na taa zake zinastahili jina hilo. Kama umeipenda Archives, nenda uone ndugu yake aliyeoga akavaa suti. Kama hukuipenda, usijisumbue.

Ukitoka, jengo refu linalokutazama ni hilohilo Nyayo House. Kwenye vyumba vyake vya chini wafungwa wa kisiasa waliteswa katika miaka ya 1980. Kwamba makumbusho ya kwanza ya Nairobi yalikuwa kwenye kiwanja hicho ni jambo ninaloliwaza kila nikipita hapo kufuata pasipoti.

Reli au Karen?

Haya mawili nayaweka pamoja kwa sababu yote yanasimulia wakati wa ukoloni, moja kutoka barazani, jingine kutoka jikoni.

Nyumba ya Karen Blixen ilijengwa 1912. Mwandishi huyo wa Denmark na mumewe waliinunua pamoja na shamba la kahawa 1917, na 1931 alirudi kwao shamba limeshindikana. Sehemu ile iko juu mno na udongo wake ni chachu, kahawa haikuukubali. Serikali ya Denmark iliizawadia Kenya nyumba hiyo wakati wa uhuru, na 1986 ikafunguliwa kama makumbusho, mwaka mmoja baada ya filamu ya Kimarekani iliyomfanya ajulikane dunia nzima. Baadhi ya vitu utakavyoonyeshwa ndani ni vyake, na vingine vilitumika kwenye filamu hiyo. Muulize anayekutembeza ni vipi ni vipi.

Nitasema kweli: ni mahali pazuri sana. Nyasi zimekatwa, miti ni mikubwa, na Vilima vya Ngong vimekaa nyuma kama vimepangwa na mpiga picha. Ukiwa na mama mkwe, au na mtu mnayeanza kujuana, huwezi kukosea. Lakini simulizi lote limeegemea upande mmoja. Wakikuyu waliolima shamba lile na kuishi juu yake kama maskwota wanatajwa kwa upendo na kwa majina machache, Kamante mpishi akiwa wa kwanza, kisha tunarudi kwenye vyombo vya udongo. Na ni mbali. Matatu ya nambari 24 inakufikisha, ila ukiongeza foleni ya Lang'ata umemaliza nusu siku kwa nyumba moja. Watoto hawatakusamehe.

Makumbusho ya Reli yako nyuma ya stesheni kuu, mwisho wa mji kuelekea Haile Selassie Avenue. Yalifunguliwa 1971, enzi za shirika moja la reli la Kenya, Uganda na Tanzania, na waliokusanya ni watu wa reli wenyewe. Inaonekana. Kwenye ukumbi mdogo kuna mitambo ya simu za upepo, ramani, kengele za stesheni, hata sahani na vijiko vya behewa la chakula. Hakuna aliyejaribu kupendezesha kitu. Vumbi limo, na mimi silichukii.

Hadithi inayopendwa ni ya behewa nambari 12. Mwaka 1900, kwenye stesheni ya Kima, afisa wa polisi Charles Ryall alikaa ndani yake usiku akimvizia simba mla watu. Usingizi ukamshika. Simba akaingia, na wenzake Ryall wawili wakiwa humohumo, akamburuta Ryall kupitia dirishani. Behewa lipo, unaweza kulisogelea na kupima dirisha kwa macho. Mpwa mdogo alilipima kwa mikono, kisha akasogea nyuma hatua mbili. Ila usiondoke na hadithi ya Mzungu mmoja na simba tu. Reli ile, iliyoanzia Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901, ililetewa wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Wao hawana behewa.

Nje ndiko kwenye ukubwa. Injini za mvuke zimesimama kwenye nyasi, na nyingine unaweza kupanda hadi alipokaa dereva. Usivae suruali nyeupe, na saa saba mchana chuma huchoma mkono. Tafuta zile ndefu za aina ya Garratt, daraja la 59, zilizoundwa Manchester na kuletwa katikati ya miaka ya 1950. Zilikuwa 34, kila moja na uzito wa kama tani 250, kubwa kuliko injini zote za mvuke zilizowahi kutembea kwenye reli ya upana wa mita moja. Tanki la kuchemshia maji limeninginia katikati, na magurudumu yamegawanywa makundi mawili mbele na nyuma, ndiyo maana dude la ukubwa huo liliweza kukata kona za kupanda kutoka pwani bila kung'oa reli.

Kati ya Karen na Reli mimi nachagua Reli mara tisa kati ya kumi. Ile ya kumi ni siku ambayo nataka kukaa kwenye nyasi.

Sanaa ya walio hai

Anayetaka uchoraji wa leo hayo yote hapo juu hayatamkata kiu, ingawa Museum Hill huonyesha kazi mpya mara kwa mara. Aende kwenye galari, na habari njema ni kwamba kuingia ni bure. Kuna vilevile habari mbaya: nyingi ziko kwenye mitaa ya watu wenye magari.

NCAI, yaani Nairobi Contemporary Art Institute, iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage, iko kwenye jengo la maduka upande wa Rosslyn, Limuru Road. Haiuzi picha, na kwangu hilo ndilo jambo kubwa. Walifungua 2022 kwa maonyesho ya Sane Wadu, mwalimu aliyeacha chaki akashika brashi, na kwa mara ya kwanza niliona kazi za miaka mingi za mchoraji mmoja wa Kenya zimetundikwa pamoja bila bei ubavuni. Circle Art, iliyoko James Gichuru Road, Lavington, ni duka, tena zuri. Tangu 2013 wao ndio wanaoendesha mnada wa sanaa ya Afrika Mashariki, kwa hiyo ukitaka kujua mchoro wa Mganda fulani unathaminiwa kiasi gani, utajua huko. Ukiingia bila nia ya kununua hakuna anayekufukuza. Jivike tu uso wa mtu anayefikiria.

Kati ya hizo mbili, NCAI kwa anayejifunza, Circle kwa mwenye ukuta mtupu na akiba. Piga simu kwanza kwa yoyote, maana kati ya onyesho moja na jingine utakuta kuta tupu na fundi juu ya ngazi.

Mtanzania mwenye nafasi ya siku ya pili nitamwelekeza Ridgeways, Kiambu Road, kwa Paa ya Paa. Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, ni mmoja wa walioianzisha mwaka 1965, na ndiye aliyechora michoro ya ukutani katika kanisa la Kianglikana la Murang'a miaka michache kabla ya uhuru. Moto uliiteketeza Paa ya Paa miaka ya 1990, na kazi nyingi zikaenda nao. Kilichobaki ni bustani, sanamu na ukaidi. Si makumbusho ya kwenda kuona vitu vingi kwa saa moja.

Siku yenyewe ilivyokwenda

Tulianza Museum Hill saa mbili unusu, kabla ya mabasi ya shule kumwaga watoto. Saa tano tulikuwa tumetoka. Ningekuwa peke yangu ningekatiza City Park, iliyo karibu na hapo, ambako Murumbi amezikwa si mbali na rafiki yake Pio Gama Pinto aliyeuawa 1965, na kuzungukwa na sanamu za wachongaji wa Afrika Mashariki. Ni galari isiyo na paa, na nyani wadogo wa pale hunyang'anya ndizi. Lakini sharti lilikuwa nisiwachoshe, basi tukapanda matatu hadi mjini, tukala, tukaingia Archives nusu saa. Watoto hawakuiona kitu. Baba yao nilimtoa kwa kumvuta mkono.

Kutoka hapo ni kufuata Moi Avenue kwa miguu hadi stesheni. Shemeji alitembea kati ya injini akiwa na mikono nyuma, kama mzee anayekagua ng'ombe, mpaka akasimama ghafla. Injini zile za daraja la 59 zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Moja ya zilizopo pale ni Mount Gelai, na nyingine, nambari 5930, ni Mount Shengena. Shemeji ni Mpare. Shengena ndio mlima mrefu kuliko yote ya kwao, ule anaouona akienda kumsalimia mama yake.

"Shemeji," aliniita, sauti imepungua. "Huu mlima wetu unafanya nini huku?"

Akanipa simu nimpige picha. Akavua kofia, akaiweka kifuani, akasimama wima kando ya chuma. Mpwa mdogo alitaka kuingia kwenye picha akaambiwa angoje kwanza.